Tumbaku ya Nyanya na Machozi ya Mzee wa Ozi

Nianze na upumbavu wenyewe, msije mkausikia kwa watu wengine wakiwa wameutia chumvi. Niliijaza pembe ya tumbaku ya Nyanya mavi makavu ya ndama, nikaifunga kizibo, nikairudisha mahali pake, kisha nikaenda zangu mtoni kuoga huku napiga mluzi. Na kesho yake wakwe walikuwa wanakuja kumposa Dada Habona.

Sasa tulieni. Enzi zetu, tulipokuwa wadogo pale kijijini Hewani, mambo hayakuwa kama haya ya leo. Najua kuna watakaoguna: huyu bado anavaa kaptura ya shule, kidevu chake kama yai, naye anasema enzi zetu? Gunani tu. Mtu akishapelekwa shule ya bweni, akakoroga uji na kukuta dudu linaogelea kuliko yeye, huzeeka upesi. Nikirudi nyumbani likizo nikawaona hawa wadogo zetu wanaobebwa mgongoni kuvushwa kijito ambacho sisi tulikivuka kwa kushindana na kenge, nasema moyoni, jamani, dunia imekwisha.

Sisi tulikuwa watoto wa tope. Mgomba ukishakatwa ndizi, shina lilikuwa letu. Tuliunganisha matatu kwa vijiti, tukapanda, tukashuka na maji mpaka mama zetu wakaanza kupiga kelele ukingoni kwamba mamba ameona mawindo. Tulikula kambare wa kukaushwa kwa moshi na wali wa mpunga mwekundu, tukaenda shule na harufu hiyo vidoleni, na mwalimu akijua nani alikula nini bila kuuliza. Lakini harufu iliyotawala utoto wangu wote haikuwa ya samaki. Ilikuwa ya kiko cha Nyanya.

Nyanya ni mama yake baba. Mimi aliniita mume wangu, kama ilivyo utani wa bibi na mjukuu, na kwa kuwa nilikuwa mume, nilifanyishwa kazi zote za tumbaku. Maji ya mafuriko yakishashuka, ukingo ulibaki na tope jeusi laini kama uji. Wenye akili walipanda mahindi na mpunga. Nyanya naye alipanda mahindi, ila ile sehemu nono kuliko zote, pale tope lilipozama mpaka goti, aliipa tumbaku. Baba alipolalamika, alijibiwa, "Mahindi yanashibisha tumbo tu. Kichwa changu mimi nikilishe nini?"

Majani ya chini, yale mapana mapole, aliyaanika juani. Ya juu, madogo yenye gundi inayonata kiganjani, aliyatundika jikoni juu ya mafiga, yakala moshi wa kila chungu kilichopikwa nyumbani mwetu. Baadaye mimi, mume, niliyakatakata yote pamoja. Nyanya akayanyunyizia maji ya asali, akayashindilia ndani ya pembe ya ng'ombe aliyopewa na Waorma, jirani zetu wafugaji, akaiziba, akaiacha ijisemee yenyewe humo ndani. Pembe ilipofunguliwa, paka aliondoka nyumbani.

Tumbaku ile ilikuwa na tabia, kama mtu. Ilikuja kwako na adabu: kwanza utamu wa asali kwenye midomo, ukadhani umekaribishwa. Halafu pilipili ikakutekenya ncha ya ulimi. Halafu ikanuka ardhi iliyopata mvua baada ya kiangazi, harufu nzuri kabisa, na hapo ndipo watu walipofanya kosa la kuvuta kwa nguvu zaidi. Maana nyuma ya harufu ile palikuwa na konde. Lilikupiga nyuma ya sikio, likashuka shingoni, likakaa tumboni na kuuliza umekula nini leo. Nyanya alivuta hivyo asubuhi kabla ya chai, akakohoa kidogo kwa heshima, akaenda shambani kulima kuwapita wanawe.

Nayajua hayo yote kwa sababu niliyaonja. Nilikuwa na rafiki, Guyo, mtoto wa Kiorma aliyechunga ndama upande wa Minjila na kutuletea maziwa tukampa mahindi. Siku ile kabla ya wakwe, Nyanya alikuwa amekwenda kualika jamaa. Nilichukua pembe na kiko, nikamfuata Guyo ukingoni, nikawasha, nikajikunja kama mzee.

"Wewe nataka kufa?" Guyo aliuliza, akarudi nyuma.

"Nyinyi watu wa ng'ombe mnaogopa moshi," nikamwambia.

"Mimi naogopa bibi yako. Moshi hana fimbo."

Nikavuta. Asali. Pilipili. Mvua. Nikamwangalia Guyo kwa huruma, nikamwona mtoto mdogo. Nikavuta tena, kwa nguvu. Konde likafika. Niliona mto unapanda juu na mbingu zinateremka kunywa maji. Nikashika mti, mti ukanikwepa. Nilipomaliza kutapika, Guyo alikuwa anacheka amelala chali, na pembe ya Nyanya ilikuwa majini mdomo wazi, tumbaku ya mwaka mzima inaelea kwenda Kipini baharini bila nauli.

Pembe tuliipata. Tumbaku ililiwa na mto.

Hapo ndipo nilipoona uzito wa jambo, na ni lazima muuone nanyi. Nyumbani mwetu maneno ya posa hayakuanza kwa mdomo mtupu. Nyanya alijaza kiko, akavuta yeye kwanza, akampa mkubwa wa wageni, na kikazunguka. Aliyekohoa alinyamaza, upande wa pili ukasema yake mpaka yeye apate pumzi. Nyanya ndiye aliyeshikilia sheria hiyo, na watu walimfuata kwa sababu hakuna aliyependa kubishana naye. Sasa mkubwa wa wageni alikuwa Mzee Jilo wa Ozi, kule chini mto unakokutana na maji ya bahari, baba wa yule kijana Buya aliyempenda dada yangu, na mzee huyo alijulikana delta nzima kwamba hajawahi kukohoa kwa kiko cha mtu. Alikwisha kuja mara ya kwanza, akavuta tumbaku ya Nyanya macho makavu, na Baba alipopaliwa, akasema peke yake mpaka jua likageuka: wasichana wa Hewani hawajui maji ya kupwa na kujaa, mpunga wa Ozi utawashinda, afadhali kijana atafutiwe karibu. Akaondoka bila jibu. Kwa desturi, mara ya pili ikivunjika hakuna ya tatu. Dada Habona alikuwa hali wala halali. Aliniomba mimi, mtoto, nimwombee kwa Mungu. Na mimi ndiye niliyemwaga tumbaku.

"Jaza majani ya mgomba," Guyo alisema.

Tulijaribu. Yaliwaka kama nyumba ya makuti, puu, yakaisha.

Guyo akafikiri. Kwao jioni walichoma mavi ya ng'ombe kufukuza mbu. Yaliungua polepole, moshi mzito, wala hayazimiki. "Ya ndama ndiyo laini," akasema kwa sauti ya fundi, akaenda kuchagua. Tuliyaponda, tukayachanganya na vikonyo vya tumbaku vilivyobaki jikoni, pilipili kidogo, asali kidogo. Kwa rangi, naapa, hata mwenyewe ungedanganyika. Kwa harufu, niliomba upepo.

Wakwe wakaja kwa mtumbwi, kanzu nyeupe, mikongojo, Mzee Jilo mbele kama bendera. Wakala, wakanawa, wakaketi kwenye mikeka. Dada alikuwa nyuma ya ukuta wa makuti. Niliona vidole vyake vimeshika fito. Nyanya akafungua pembe. Akainusa. Akainusa tena. Akajaza kiko, akakipachika kaa la moto, akavuta.

Sijapata kuona uso wa mtu ukifanya safari ndefu namna ile bila kutoka mahali ulipo. Macho yake yakazunguka mkeka mzima, yakapita kwa Baba, yakapita kwa Mama, yakanikuta mimi nyuma ya mtungi. Yakabaki hapo. Angetema, wageni wangejua wamewekewa uchafu, na posa ingekufa palepale. Nyanya akameza moshi.

"Mume wangu," akaniita kwa upole wa kutisha, "mpelekee mkwe kiko."

Nikakipeleka. Mzee Jilo alikipokea akicheka. "Mama, hii ya kwenu niliimaliza mara ile. Leo sijui kama utanitikisa."

"Leo ni mchanganyiko mwingine," Nyanya akasema. "Wa wageni wakubwa."

Akavuta, pumzi ya kiume hasa. Tabasamu lake likabaki usoni lakini mwenyewe akaondoka. Mshipa wa shingo ukasimama.

"Vipi, mkwe?"

"Ina... ina nguvu."

"Vuta tena, hujafika ndani."

Mtu aliyejisifu kuwa hakohoi afanye nini? Akavuta tena. Chozi likatoka jicho moja, la pili likalifuata. Akanusa hewa, akanusa kiko, akasema kwa sauti nyembamba, "Mama, mbona kama nasikia harufu ya ng'ombe?"

"Hiyo ni mahari, mkwe," Nyanya akajibu bila kupepesa. "Umeanza kuinusa."

Mkeka mzima ukapasuka kwa kicheko, watu wa Ozi wakiwa wa kwanza, na Mzee Jilo akitaka kucheka naye ndipo kikohozi kilipompata. Alikohoa kikohozi cha maisha yote alichokibana kwenye viko vya watu. Alikohoa akilala upande, kijana wake Buya akimpiga mgongo. Na sheria ni sheria. Baba akasema yake yote: msichana atajifunza maji ya Ozi kama alivyojifunza ya Hewani, na yeyote mwenye neno alitoe sasa. Mwenye neno alikuwa anakohoa. Nduguze wakatazamana, wakasema wamekubali. Nyuma ya makuti ufito ukavunjika kwa furaha.

Wakati wa kuagana mtoni, Mzee Jilo, macho mekundu kama ya kiboko, alimshika Nyanya mkono. "Mama, umenishinda. Lakini nanyi mtakuja kwetu kumleta msichana. Siku hiyo nitawawashia ya Ozi." Alisema akitabasamu, ila aliyekuwa anamtazama si Nyanya. Alinitazama mimi.

Leo Dada Habona ana watoto Ozi, na analima mpunga kuwapita waliozaliwa huko. Ukingo wa tumbaku umeliwa na mto, kipande baada ya kipande, na Nyanya hana tena nguvu ya kutafuta tope jingine. Anavuta tumbaku ya dukani, na kila asubuhi anailaumu kwamba haina tabia, ni moshi tu uliovalishwa jina. Na hawa wadogo zetu wa siku hizi! Nimewaona kivukoni Garsen, wamejificha nyuma ya magunia, sigara moja ya karatasi inapita kwa vijana wanne, kila mmoja anavuta kama anabusu shangazi, halafu wanakohoa kama ndama waliopaliwa na maziwa na kujiona watu wazima. Nawahurumia. Moshi wao umetoka kwenye paketi, hawajui nani aliupanda wala aliukata nani. Sisi tulipumbazika kwa kitu tulichokilima wenyewe. Tangu siku ile mimi sikushika kiko tena kwa hiari yangu, wala simshauri mtu, lakini likizoni nikipita jikoni kwa Nyanya nasimama kando ya mafiga ya zamani, navuta hewa kwa pua, na kama mvua imenyesha jana, kwa nukta moja naipata: asali, pilipili, ardhi. Konde tu ndilo halipo.

Lakini mnataka kujua fimbo ngapi. Hata moja. Mtumbwi wa wageni ulipopinda kona, Nyanya aliketi chini akacheka mpaka khanga ikamvuka mabega, akamwita Mama aje anuse pembe. Mama akanusa. Akanitazama, nikaanza kulia mapema ili kupunguza kazi. Akanifuta kamasi kwa pindo la leso yake, akanishika sikio taratibu, hata hakulivuta, akasema:

"Siku ya kumpeleka dada yako Ozi tutakwenda wote. Utaketi karibu na Mzee Jilo. Na akikukaribisha kiko chake, mwanangu, utavuta mpaka kiishe."