Baba Alipopanga Kwenda Kuvua Baharini

Harufu ya papa mkavu hainipiti. Nikiwa sokoni Dodoma, hata kama amefichwa ndani ya gunia, pua huniongoza hadi kwa muuzaji. Wenzangu huziba pua zao. Mimi huinama ninuse vizuri. Mnisamehe. Harufu hiyo iliingia nyumbani kwetu Bahi mwaka ule ambao baba yangu, Mgogo aliyekuwa hajaona maji ya chumvi tangu azaliwe, aliamua kwenda kuvua baharini.

Ilikuwa enzi ya Mjerumani, na reli ilikuwa imepita kwetu si zamani. Baba, jina lake Ndahani, alifuga ng'ombe kama watu wengine, lakini mvua zikiwa njema na mbuga ikajaa maji, aliingia kwenye mtumbwi wake akavua kambale. Papa aliletwa na jirani yetu Faraji, mtu wa Bagamoyo aliyekuja na kazi ya reli, akaoa kwetu, akabaki. Alimmegea baba kipande. Baba akatafuna, akatafuna, mwishowe akauliza, "Ndugu yangu, huyu mlimvua, au mlimkata kwenye kiatu cha askari?"

Faraji alicheka mpaka akashika mbavu. "Basi twende kwetu ukavue mwenyewe. Umle angali mbichi!"

Nilidhani ni mzaha, lakini kesho yake baba alikwenda kumuuliza safari hiyo ni lini.

Tangu hapo, kila alasiri walikaa uani kwetu wakipanga. Nyumbani tulisema Kigogo. Kiswahili changu cha kwanza nilikiokota pale, kwa hiyo nilijua ndoana, chambo, mshipi na kafi kabla sijajua kuomba maji ya kunywa. Faraji alisema kaka yake angetuazima mtumbwi, na kwamba kazi kubwa si kuvua, bali kuvuka mawimbi yanayovunjika karibu na ufuko. Baba hakuelewa. Maji ya Bahi hulala, yavunjikeje?

Faraji akaamua kumwonyesha. Mtumbwi uliburutwa hadi katikati ya ua, baba akaketi ndani, sisi watoto tukawa mawimbi. Tuliambiwa tuje kwa mbio kwa makundi, tuusukume kwa nguvu zetu zote. "Usimpe wimbi ubavu!" Faraji alipiga kelele. "Mtazame usoni! Ngoja wakubwa wapite, halafu piga kafi!" Baba alichelewa kugeuka, tukampindua, akaanguka kwenye kinyesi cha mbuzi. Wanakijiji waliokuwa wakipita walisimama wakatikisa vichwa. Mtu mzima anazama penye vumbi!

Maswali ya baba hayakuisha. Je, nyama ya kambale yafaa kwa chambo? Samaki wa huko hula asubuhi au jioni? Na wapagazi waliotoka bara zamani, walikuwa wakipiga kambi upande gani wa mji? Waliougua waliwekwa wapi? Mimi niliyahesabu yote kuwa maswali ya uvuvi. Nilifikiri labda samaki hupenda kukaa karibu na kambi.

Mama hakupendezwa. Alitwanga uwele kwa kishindo kikubwa kuliko ilivyohitajika. "Maji yasiyonyweka, mtu anayafuatia nini?" alisema. Nilijua kwamba kaka yake, mjomba Chilewa, alikwenda pwani na mizigo ya msafara nilipokuwa mchanga mgongoni, na hakurudi. Kwetu jina lake halikutajwa. Mtu alipolitaja, mama aliinuka akatoka.

Siku moja baba alimwita kwa jina langu, bila kumtazama, "Mama Mbula, na wewe utakuja. Nani atatupikia?"

"Faraji hana dada huko?"

"Anaye. Lakini hajui kusonga ugali wa uwele."

Mchi ulisimama hewani. Mama alimtazama baba kwa muda mrefu, mpaka mimi nikaona haya. "Basi nitakuja," akasema, akaendelea kutwanga, safari hii polepole. Mimi nilichukuliwa kwa sababu nililia.

Sitawachosha na habari za garimoshi, wala za njia ya miguu kutoka mwisho wa reli hadi Bagamoyo. Tulifika, na asubuhi baba alisimama mbele ya bahari na kafi mkononi, kama mtu aliyeitwa barazani. Kisha wakaingia majini yeye na Faraji. Wimbi la kwanza lilipokuja, baba alilikemea kwa Kigogo kama anavyokemea fahali. Halikusikia. Mtumbwi ulipinduka, na baba aliibuka akitema chumvi. Wakamwaga maji yaliyoingia mtumbwini, wakangoja wakubwa wapite, wakapiga kafi, na safari hii uliinua pua yake ukavuka. Nilipiga vigelegele peke yangu. Nilipogeuka, mama hakuwepo.

Alikuwa ameondoka na dada yake Faraji. Alirudi jua likiwa kali, magoti yake yamejaa mchanga, akaketi karibu nami. Wanaume waliporudi, baba aliruka majini akiwa ameinua samaki mwekundu aitwaye changu juu ya kichwa. Mara akauona uso wa mama. Aliushusha mkono, akamlaza samaki mchangani.

"Umemkuta?" aliuliza.

"Nimemkuta," mama akajibu. "Ni ndui. Yuko nyuma ya minazi, pamoja na wenzake. Mzee mmoja wa kwetu aliyebaki huku ndiye aliyemzika."

Nilitazama huku na huku nikimtafuta huyo aliyekutwa.

Ilinichukua miaka kuelewa. Kama baba angesema, "Twende tukatafute kaburi la kaka yako," mama angekataa, maana atafutaye kaburi amekwisha kumzika mtu moyoni. Lakini kwenda kuvua samaki hakumwui mtu. Sasa ninapofikiri juu ya baba, aliyekubali kuchekwa na kijiji kizima, sijui kama aliwahi kuwa na hamu yoyote na papa.

Katika safari ya kurudi, garimoshi lilipoanza kupanda kuelekea bara, mama alinivuta kifuani akanisimulia habari za mjomba. Alikuwa na mwanya. Alikuwa akiogopa vyura. Alikuwa akiimba vibaya, na alikuwa hajui kwamba anaimba vibaya. Hapo akacheka, akalia, akaendelea. Baba alikuwa amekaa dirishani, uso ameugeuzia nje, na hakumkatiza hata mara moja.