Shimo Lililopakwa Chokaa

"Mwanangu hatapanda basi kwenda kutafuta kazi. Kazi ndiyo itapanda basi imfuate hapa hapa, na ikifika itapiga hodi."

Maneno hayo aliyasema Mzee Suleiman Likwata mbele ya mkutano wa kijiji, kipaza sauti mkononi, betri ikikaribia kukata roho. Nilikuwepo. Nilipiga makofi mpaka viganja vikawasha. Mpaka leo sijui nilikuwa nashangilia nini hasa, na katika wote tuliopiga makofi siku ile sijampata anayejua.

Mzee Likwata si mtu wa majigambo. Ni mkulima wa korosho na ufuta, nje kidogo ya Kiranjeranje, mtu wa safu ya kwanza msikitini. Uwanja wake unafagiliwa asubuhi na alasiri. Kuku wake wenyewe wanatembea kwa adabu, utadhani wamesoma madrasa. Mke wake alifariki miaka sita iliyopita, na katika watoto wake aliyebaki nyumbani ni mmoja tu, Nusaiba, mwenye cheti cha maabara na barua kumi na tisa za kunyimwa kazi. Barua ya ishirini haikuja. Badala yake alikuja wakala kutoka Dar, anapeleka wasichana Muscat kufanya kazi za ndani. Paspoti ya Nusaiba ikatoka. Akamwambia baba yake kwa upole kwamba atasubiri mpaka mwisho wa mwaka, kazi isipopatikana ataondoka. Mzee akaacha kula vizuri tangu siku hiyo.

Mtu huyu msafi alikuwa na aibu moja tu maishani: shimo.

Shimo hilo liko mpakani mwa shamba lake. Baba yake alilichimba kutafuta udongo wa matofali, na nyumba ilipokwisha likabaki wazi. Basi kila msimu wa korosho, majirani wakishanyofoa korosho zao, mabibo, yale matunda yenyewe yanayobaki, wakawa wanayamwaga humo. Miaka thelathini ya mabibo juu ya mabibo, yanachacha, yanaoza, yanageuka uji mweusi. Kuanzia Oktoba mpaka mvua za masika, shamba la mtu wa safu ya kwanza linanuka kama kilabu cha pombe.

Mwenye duka letu, Tawakali, mzaliwa wa Njinjo aliyeolewa huku na kujipa leseni ya kumtania kila mtu, hakuwahi kumwacha apite hivi hivi.

"Shikamoo mzee wa ulevi!"

"Marahaba. Mwanamke wewe, Mungu anakusikia."

"Na mimi nasikia. Nasikia harufu!"

Sasa, miaka miwili iliyopita alikuja dada mmoja aitwaye Martina, mtafiti wa kampuni ya Dar, akainama juu ya lile shimo, akanusa kama mtu anayenusa pilau, akajaza chupa moja na kuondoka nayo. Tulimwonea huruma. Mwaka huu mwezi wa saba ikaja barua kwa mtendaji wa kijiji. Kampuni ni ya bayoteknolojia, inasema, na imevutiwa na shimo la Mzee Likwata. Wakuu wake watakuja Septemba kulitazama. Wakiridhika, watajenga kituo kidogo cha maabara pale pale kijijini na kuajiri watu wanane, wenye vyeti watatangulia.

Mtendaji alisoma barua ile mara tatu, kila mara akikwama kwenye neno lile lile. Wazee wakaniangalia mimi, kwa kuwa nina nusu ya diploma ya kilimo. Bahati mbaya, nusu niliyosoma haikufika huko. Aliyetuokoa ni Nusaiba, jioni ile, barazani kwao.

"Baba, hamira si unaijua? Ni kitu hai. Basi mle shimoni kuna ndugu yake hamira, mdogo haonekani kwa macho. Huyo anakula doa la bibo."

"Doa la bibo haliliwi," alisema mzee. Hapo alikuwa na haki. Huku kwetu nguo ikidondokewa na bibo, hiyo imeshakuwa nguo ya shamba. Watu wamezikwa na kuacha mashati yenye madoa ya utotoni mwao.

"Yeye analila. Kampuni inataka kumchukua, imzalishe, itengeneze sabuni."

Mzee akafikiri. "Kwa hiyo sabuni inatoka kwenye uchafu?"

"Ndiyo, Baba."

"Na uchafu unatolewa na sabuni."

"Ndiyo."

"Sasa hawa watu wanakwenda au wanarudi?"

Nusaiba akacheka mpaka akafuta machozi. Mzee hakucheka, alikuwa ameuliza kweli. Lakini neno la watu wanane alikuwa amelielewa vizuri, na neno la wenye vyeti alikuwa amelielewa zaidi. Ndipo kwenye mkutano wa kijiji akaomba kipaza sauti.

Wiki ya ugeni ilipofika, Nusaiba alikwenda Kilwa Masoko kugongesha mihuri kwenye nakala za vyeti vyake. Afisa mwenye mhuri alikuwa safarini, ikabidi alale kwa shangazi yake siku tatu. Nataka hilo lieleweke, maana baadaye watu waliuliza: msomi alikuwa wapi? Msomi alikuwa kwenye benchi anasubiri mhuri.

Huku nyuma, Mzee Likwata alizunguka shimo lake mara mbili, mikono mgongoni, akasema: "Wageni watakuja na viatu vyeusi. Tutawaonyesha hivi?"

Hakuna aliyeona ajabu. Kwetu mgeni mkubwa akitangazwa, akili zote zinahamia kwenye ufagio. Tumefyeka njia kwa ajili ya viongozi ambao hawakushuka hata garini. Tumepaka chokaa mawe ambayo hayajawahi kumkosea mtu. Kwa hiyo mzee alipoita watu, tulikuja kumi na wawili na makoleo, na mimi ndiye niliyekuja na toroli.

Nilisita kidogo, nisijisingizie ujinga wote. Nikamuuliza, "Mzee, na yule mdudu wa kula madoa?"

"Si anakaa humo shimoni?"

"Ndiyo."

"Basi tunamfagilia nyumba. Wewe ukifagiliwa nyumba unahama?"

Nilitafuta jibu kwenye nusu yangu ya diploma, sikulipata. Nikashika toroli.

Tulifanya kazi siku mbili. Uji mweusi wa miaka thelathini tuliutoa wote, tukautandaza juani, tukaumwagia mafuta ya taa, tukauchoma. Kuta za shimo tukazikwangua. Chini tukamwaga dawa ya chooni, ile kali inayotoa machozi. Halafu chokaa, mifuko sita, kutoka dukani kwa Tawakali, kuta zote na ukingo, na mawe meupe yaliyopangwa kutoka barabarani mpaka shimoni. Mwisho mzee akapanda maua pembe nne. Lilikuwa shimo zuri, wallahi. Lilikuwa zuri kuliko ofisi ya mtendaji. Tawakali alikuja kulitazama, akakosa cha kutania, akarudi dukani. Mzee Likwata alisimama ukingoni na kuvuta pumzi ndefu. Kwa mara ya kwanza baada ya miaka thelathini, hapakunuka mabibo.

Wageni wakafika Jumatano saa nne asubuhi, gari mbili. Martina akashuka wa kwanza, nyuma yake wakuu watatu na maboksi ya vifaa. Mzee alikuwa na kanzu ya Ijumaa.

"Shikamoo baba."

"Marahaba binti yangu. Karibuni, karibuni sana. Njia ndiyo hii ya mawe."

Martina aliifuata ile njia akitabasamu. Tabasamu likaanza kupungua jiwe la tano, na alipofika ukingoni halikuwepo. Akatazama chini. Akatazama kulia na kushoto, kama mtu aliyeegesha baiskeli mahali na haioni.

"Baba, shimo liko wapi?"

"Ndilo hili."

"Lile la mabibo."

"Ndilo hili, mama. Tumelisafisha."

Mmoja wa wakuu akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Martina akachuchumaa, akagusa ukuta, akanusa kidole. "Chokaa," alisema. Akanusa tena. "Na dawa ya chooni."

"Dawa nzuri," alisema mzee. "Haiachi mdudu hata mmoja."

Nilimwona anayasikiliza maneno yake mwenyewe, moja moja. Wakati ule ule Nusaiba alikuwa anashuka bodaboda barabarani, bahasha ya vyeti kifuani. Akaja mbio kwenye mawe meupe, akafika, akaona. Aliishika bahasha kwa mikono miwili, akawa anaikunjakunja pembe.

"Na chupa uliyochukua?" niliuliza mimi, nikitafuta pa kutokea.

"Waliokuwa ndani ya chupa walikufa," alisema Martina. "Ndiyo maana tumerudi."

"Msimu unaanza mwezi ujao," mzee alisema haraka. "Tutajaza mabibo mapya, matamu, yaliyooshwa."

"Baba, wale walichukua miaka thelathini. Na nakuomba usiyaoshe."

"Kwa hiyo mlitaka ule uchafu."

"Ndiyo, baba."

"Wenyewe? Kama ulivyo?"

"Kama ulivyo."

Mzee akakaa juu ya jiwe jeupe na kanzu yake ya Ijumaa, na aliposimama ilikuwa na duara la chokaa nyuma. Hakuna aliyethubutu kumwambia. Wageni walikula pilau, maana ilikuwa imeshapikwa, na wali hauna kosa. Nusaiba aliwanawisha mikono, na Martina akamuuliza maswali mawili matatu, halafu kumi, halafu akaomba ile bahasha iliyokunjika. Wakati wa kuaga, Martina alisema wana taarifa za lundo jingine la mabibo, la zamani pia, Nyangamara, kule kusini ya Lindi.

"Tutakwenda kesho," alisema. "Nawaombeni kitu kimoja. Msimwambie mtu yeyote wa kule kwamba tunakuja."

Tukaapa. Tawakali, ambaye ana dada Nyangamara, aliapa mara mbili.

Lundo la Nyangamara walilikuta limeoza vizuri kabisa. Kituo kimejengwa huko. Nusaiba hakwenda Muscat, ameajiriwa Nyangamara, na kazi yake ya kwanza aliyopewa kwa maandishi ni kuhakikisha hakuna anayefagia. Sisi huku tumebaki na shimo jeupe. Msimu umeanza, lakini majirani wanaona haya kumwaga mabibo mle, wanayapeleka mbali. Mzee Likwata anawasihi. Anasimama njiani kuwapungia mkono, "Mwageni jamani, mwageni hapa," na wao wanamjibu, "Hapana mzee, pazuri mno."

Wiki iliyopita nilimkuta dukani, amevaa kanzu ya Ijumaa siku ya Jumanne. Doa la bibo, kubwa, kifuani. Nikadhani bahati mbaya.

"Nimelipaka mwenyewe," alisema. "Nampelekea Nusaiba. Nataka nione kwa macho yangu likiliwa."

"Ukiona, utaelewa?"

"Sijui," alisema. "Nitamwona yeye."

Akaniuliza habari za magari, kwa kuwa safari hiyo hajawahi kuifanya. Nikamwambia ni lazima apande basi, ashuke Lindi mjini, abadilishe gari.

Nauli ya Kiranjeranje mpaka Nyangamara ni shilingi elfu kumi na mbili.