Sikuacha Pombe kwa Aibu

Watu wengi wa mtaa wetu wa Hewa Bora wanaamini niliacha pombe kwa sababu niliona aibu. Wengine wanasema ni maombi yaliyonitoa. Mimi najua ilikuwa hasira, na sijaona sababu ya kuitubu.

Mimi ni fundi wa kushona. Cherehani yangu iko kwenye baraza la nyumba aliyotuachia baba, mfanyakazi wa reli kama baba yake, ambaye alishuka kutoka kaskazini mwa Katanga akiwa kijana. Katika nyumba hiyo nilimlea mtoto wa kike wa mdogo wangu. Mdogo wangu alikufa binti yake akiwa hajaanza shule, na mama wa mtoto akarudi kwao, akaolewa tena. Kwa desturi yetu, dada wa baba anaitwa baba-mwanamuke. Baba akikosekana, yeye ndiye anayekaa kwenye kiti chake, anayeulizwa na anayejibu. Mtoto alikua akiniita tantini, yaani shangazi, kama watoto wote wa mjini, lakini hakuna mtu nyumbani kwetu ambaye hakujua mimi ni nani kwake.

Nilikuwa pia mnywaji. Nilianza na bia za jioni, nikaishia kwenye lutuku, pombe kali ya mahindi ambayo rafiki yangu, jirani wa ukuta mmoja, anaipika nyuma ya nyumba yake. Kwa miaka mingi nilikunywa kabla ya kupiga mswaki. Mikono ilitetemeka mpaka kikombe cha kwanza kitue tumboni, halafu ikatulia, nikatunga uzi, nikakata kitambaa kwa mstari ulionyooka kuliko wa fundi yeyote wa Kampemba. Nasema hivyo ili ieleweke kwa nini sikuona haraka ya kuacha. Wateja walikuwa wanakuja. Mtoto alisoma, akamaliza, akapata kazi katika duka la dawa. Nani angenigusa?

Kisha binti yetu akaleta habari kwamba kuna kijana anayetaka kuja kujitambulisha pamoja na wazee wake. Kijana mwenyewe ni fundi wa umeme hapa mjini, ila kwao ni Kasenga, wanafanya biashara ya samaki wa mto Luapula. Asubuhi ya siku hiyo nilivaa kitenge kipya nilichojishonea, nikanywa kiasi cha kutuliza mikono tu, nikakaa chumbani kusubiri kuitwa. Kaka yangu mkubwa alikuwa amefika na mke wake. Dirisha la chumba changu linaangalia uani, mahali tunapopikia, na nilimsikia mke wa kaka akiuliza itakuwaje kama nitaanza kusema maneno mbele ya wageni.

Kaka hakupandisha sauti.

"Mumupatie chupa," alisema. "Akishakunywa atalala. Tutaambia bageni iko mugonjwa."

Alisema kama mtu anayeagiza mbwa afungwe kwa sababu wageni wanaingia. Chupa ikaletwa. Mke wa kaka aliiweka kwa adabu juu ya kimeza kilicho karibu na kitanda, akaniambia nipumzike, muda ukifika nitaitwa. Nilijua ni ya nini, na niliinywa. Hapo ndipo watu wasiokunywa hushindwa kunielewa. Wanadhani ukishajua mtego huwezi kuingia. Niliingia nikiwa macho, nikimlaani kaka yangu kila nilipomeza, na nikalala vilevile alivyopanga.

Nilipoamka jua lilikuwa limegeukia upande wa pili wa nyumba. Binti yetu alikuwa amekaa miguuni pa kitanda, bado amevaa nguo zake nzuri. Wageni walikuwa wamekwenda. Aliniambia kwamba baba yake mkubwa ndiye aliyejibu kwa niaba ya marehemu, na kwamba bibi mzee wa kijana aliniulizia, akaambiwa naumwa, akaacha salamu za pole. Nilingojea alie au anigombeze. Hakufanya hata kimoja.

"Tantini," alisema, "siku ya mahari nani atakaa kwa kiti ya papa? Uniambie leo, nijue."

Nikamwambia ni mimi. Alichukua chupa tupu akatoka nayo.

Nilibaki pale nikifikiri, na kichwa kilikuwa kinaniuma lakini mawazo yalikuwa safi. Kwa miaka yote hiyo niliamini kwamba ninakunywa familia yangu ikiwa haitaki. Walilalamika, walinipigia magoti, waliniletea mapadri. Sasa nikaanza kukumbuka. Siku walipoamua baba azikwe wapi, nilikuwa nimelala. Siku kaka alipopangisha vyumba vya mbele bila kuniuliza, nilikuwa nimelala. Na kila mara kulikuwa na mtu mwema aliyeniletea kitu cha kunywa. Mlevi wa familia ana faida zake: hapigi kura, na akilalamika wanasema ni pombe inayosema. Basi nikaamua kuwanyima faida hiyo.

Kesho yake sikunywa. Ilipofika saa sita mchana nilikuwa nimelowa jasho kama mtu aliyenyeshewa, moyo unakimbia, na ukutani nilianza kuona wadudu ambao hawakuwapo. Binti yetu aliomba ruhusa kazini, akanipeleka kwenye kituo cha afya. Muuguzi aliyenipokea alikuwa mwanamke wa umri wangu. Aliniuliza ninakunywa kiasi gani, nikamtajia nusu. Akaangalia mikono yangu, akauliza tena, polepole, na safari hii nikamtajia yote. Alinieleza kwamba mwili uliozoea pombe miaka mingi ukinyimwa ghafla unaweza kushikwa na kifafa, na watu wanakufa hivyo majumbani, jamaa wakidhani ni uchawi.

"Kuachia ni muzuri, mama," alisema. "Lakini haiko kazi ya kufanya peke yako. Utabakia hapa."

Nilibaki. Siku zile sizikumbuki kwa mpangilio. Nakumbuka maji ya mshipani, vidonge, dari yenye doa, na kiu isiyokatwa na maji. Waliniambia baadaye kwamba niliwatukana watu wote wa wadi kwa Kiluba safi cha bibi yangu, lugha ambayo mimi nilikuwa nadhani siijui.

Nilipoanza kukaa kitandani, kaka alikuja na machungwa. Alimenya moja, akaniambia kwa upole kwamba anaona najitesa bure katika umri huu. Kwa nini nisingoje mahari yapite, halafu nipunguze kidogo kidogo, bila watu kuuliza kwa nini nimelazwa? Aliongea vizuri, na kama ningekuwa na kikombe kimoja tumboni ningemshukuru.

"Yaya," nikamwambia, kama tunavyomwita kaka mkubwa kwetu, "unaogopa nini?"

Akasema haogopi kitu.

"Basi kula machungwa yako, uende."

Nyumbani mambo yalikuwa magumu kwa namna ambayo muuguzi hakuweza kuniandaa. Rafiki yangu jirani alikuja siku ileile niliyorudi, na kikombe chake cha bati mkononi kimefunikwa kwa kitambaa. Alikuja kwa mapenzi. Huyu ni mwanamke niliyemshika mabega alipozika watoto wake wawili, na aliyenifunika kwa kanga yake nilipoanguka njiani. Nilimwambia sinywi tena, na nikamwomba mazungumzo yetu ya jioni yawe upande wangu wa ukuta, yasiwe kwake. Uso wake ukabadilika.

"Yote ile tulilia pamoja," alisema, "na leo unaniona miye muchafu."

Nilimjibu kwamba simwoni mchafu hata kidogo, kwamba najua hiyo lutuku ndiyo iliyolipia shule ya watoto wake. Hakutaka kusikia. Aliondoka na kikombe chake, na mimi nilisimama kwenye baraza nikitamani kumfuata. Lakini njia ya kwenda kwake inapita kando ya pipa analopikia lutuku, na nilijua nikilifikia pipa sitafika kwa rafiki. Nikarudi kukaa. Jambo hilo liliniuma kuliko kutetemeka.

Halafu wakaja watu wa kikundi cha maombi cha parokia. Mama anayekiongoza alitaka nisimame Jumapili baada ya misa, nieleze jinsi shetani alivyonitumia. Nilimwambia kwamba mimi husali, na kwamba Mungu namshukuru nikiwa nyumbani kwangu, lakini sitasimama mbele ya watu ili wanihurumie kisha waende kula bukari, ugali wetu. Akasema hicho ni kiburi. Nikamkubalia. Kiburi ndicho pekee ambacho pombe haikukimaliza, na asubuhi nyingine hakuna kitu kingine kilichonitoa kitandani.

Kazi iliharibika kwa muda. Mikono bila lutuku ilikataa kutii. Niliharibu kitenge cha mteja, nikamnunulia kingine, na mteja mwingine akachukua kitambaa chake kabla sijakigusa. Binti yetu hakuniambia neno la kunitia moyo, si mtu wa maneno hayo. Ila kila asubuhi kabla ya kwenda kazini alinitungia nyuzi kwenye sindano kadhaa, za rangi mbalimbali, akazichoma kwenye mto wa pini. Nilipoanza kushona nguo yake ya mahari, pindo lilienda upande. Nilitaka kulifumua, akakataa, akasema atavaa hivyohivyo, anayetaka kuangalia pindo aangalie.

Siku ya mahari ikafika. Watu wa Kasenga walijaa uani na mabegi ya samaki wakavu, kitenge, chumvi, na makreti ya bia. Kaka alikuwa ameshakaa kwenye kiti cha baba wa binti, miguu ameinyoosha. Mimi nilitoka nikasimama kando yake. Hakunitazama. Sijui ningesimama pale mpaka lini kama binti yetu asingetokea mlangoni, kabla ya wakati wake, kabla hata hajaitwa.

"Papa mukubwa," alisema, "kile kiti iko ya tantini."

Kaka alicheka kidogo, akanyanyuka, akanipisha. Lakini hakuwa amemaliza. Kwetu binti hupokea glasi kutoka kwa upande wa mume, akampelekea baba yake, na baba akinywa, watu wanajua amekubali. Kaka hakuwangoja wageni, alifungua bia yao mwenyewe, akajaza glasi mpaka povu likashuka, akampa binti anipelekee. Kila jamaa yangu aliyekuwa pale alielewa anafanya nini.

Sitasema uongo kuhusu glasi ile. Harufu yake ilinifikia kabla ya mtoto kunifikia. Mate yalijaa kinywani, na mwili wangu wote ukasogea mbele kuipokea. Binti alipiga magoti, na mikono yake ndiyo iliyokuwa inatetemeka siku hiyo. Niliipokea kwa mikono miwili, kwa heshima, kwa kuwa wageni hawakuwa na kosa. Nikaiweka mezani, imejaa.

"Miye njo baba wa huyu mutoto," nikasema. "Babu na bibi ba Kasenga, tumewapokea. Mutoto amekubali, na miye nimekubali. Pombe yenu tumeiona, iko muzuri. Lakini miye sikunywake tena."

Mjomba mmoja wa upande wetu akainuka kusema kwamba bila kunywa, desturi haijatimia. Nikamuuliza kama desturi inataka pombe au inataka neno. Kama inataka pombe, ipo mezani, imeonwa na kila mtu. Kama inataka neno, nimekwisha kulitoa, na nimelitoa nikiwa na akili zangu, jambo ambalo wengi waliokuwa pale wasingeweza kuahidi ifikapo jioni.

Bibi wa kijana, yule aliyeniachia salamu za pole, akanyoosha mkono wake. Akasema barabara ya Kasenga imemjaza vumbi kooni, na kama ile glasi haina mwenyewe, apewe yeye. Akainywa mpaka tone la mwisho, akapangusa midomo, akauliza chakula kiko wapi. Watu wakacheka, ngoma ikaanza, na mahari yakapokelewa.

Kaka haji tena mara kwa mara. Akija, huongea nami kama mtu anayeongea na ofisi. Rafiki yangu hunisalimia juu ya ukuta, nami namwitikia, hatujavuka hapo. Kila jioni anapowasha moto wake, hamu inanijia bado, inakaa nami kama mgeni asiyejua kuaga, na mimi nakanyaga cherehani. Nimesikia kwamba katika mtaa kuna vijana walioweka dau nitaanguka lini. Wangoje.

Juzi mke wa kaka alikuja kupimwa blauzi. Wakati nazungusha futi kiunoni mwake aliniuliza, bila ubaya wowote, kama sasa kwa vile nimepona siwezi kuonja kidogo tu siku ya Krismasi, ili familia ifurahi. Nilikuwa na pini mdomoni. Nikazitoa, nikaziweka chini, nikamwambia familia ijifunze kufurahi nikiwa macho. Kisha nikamwambia ainue mkono, nimalize kupima.