Kampuni Imetumia Sauti Yangu Kuuza Dawa, Sasa Wanataka Ninyamaze

Admin, ficha jina langu, lakini kisa changu usikipunguze hata neno.

Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na sita, nina mume na watoto, tunalima migomba na maharage huku Kirushya, wilaya ya Ngara. Kanisani mimi ndiye msomaji wa matangazo, na kwenye harusi na misiba naitwa kushika kipaza sauti. Watu wananijua kwa sauti kuliko kwa sura.

Mwaka jana walikuja vijana wa kampuni moja wakitafuta watu wanaozungumza Kihangaza kizuri. Walisema wanaifundisha simu lugha yetu, ili hata bibi asiyejua Kiswahili aiulize habari za mvua na mbegu, imjibu. Nilifurahi jamani! Nani aliwahi kutujali hivyo? Nikakaa nao kwenye chumba cha ofisi ya kijiji nikisoma sentensi huku wakinirekodi, nikicheka walipotaka nicheke, nikihuzunika walipotaka huzuni. Mwisho wakanipa simu nibonyeze palipoandikwa nakubali. Maelezo yote yalikuwa Kiingereza kitupu. Nikabonyeza.

Miezi ikapita. Siku moja niko gulioni Kibimba nauza maharage, likapita gari la matangazo. Nikaisikia sauti yangu mwenyewe! Nasema kwa Kihangaza kwamba niliugua kisukari, nikatupa vidonge vya hospitali, nikapona kwa dawa fulani ya chupa. Mimi sijawahi kuugua kisukari. Na mwishoni kikafuata kicheko changu kilekile nilichowachekea wale vijana. Wanawake wakanizunguka, "Kumbe ulikuwa unaumwa? Hongera kwa kupona!"

Hapo nikamkumbuka mama mdogo aliyenilea mama yangu alipofariki. Anaishi Nyamiaga, na ana kisukari. Nikapanda bodaboda hapohapo.

Nilimkuta amelala, mguu umevimba, kidonda kinanuka.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Afadhali umekuja. Hii dawa yako nainywa asubuhi tu, au na jioni?"

"Dawa yangu ipi?"

"Si uliitangaza kwenye simu? Jirani alinisikilizisha. Vidonge nimetupa, kama ulivyosema."

Nikampeleka hospitali, wakamkata mguu. Namshukuru Mungu yu hai, lakini mwanamke aliyekuwa analima shamba lake mwenyewe, leo anashikwa mkono kwenda chooni.

Nikampigia msimamizi wa kampuni, namba yake waliniachia wale vijana. Akaniambia taratibu kabisa, "Dada, ile sauti si yako. Ni ya kompyuta, ilijifunza tu kwako. Na sisi tulishamuuzia mteja, anachotangaza ni juu yake. Halafu ulikubali mwenyewe."

Jumapili iliyofuata nikamwomba padri ruhusa. Baada ya misa nikasimama nikaeleza yote. Mwanamume mmoja akaropoka kutoka nyuma, "Sasa tutajuaje kama hata hapo ni wewe unayezungumza?" Watu wakaangua kicheko. Nikamwambia, "Njoo unishike mkono. Ukimaliza, nenda Nyamiaga ukamwone mama mdogo, uulize mguu wake uko wapi." Gari lile liliporudi gulioni, kina mama walisimama mbele yake, wakalizuia kufungua spika mpaka likageuza.

Hapo ndipo watu wa kampuni ile iliyonirekodi walipokuja nyumbani kwa gari zuri, wanatabasamu. Wanataka niwe mtangazaji wao wa mshahara. Sharti ni moja, nisaini kwamba nilikosea, sauti ile si yangu, na nisiongee tena. Nikikataa, watanishtaki kwa kuwaharibia biashara.

Nikawauliza, "Si mmesema ile ni sauti ya kompyuta? Basi kaiambieni kompyuta yenu isaini."

Walipoondoka, mume wangu akawaka. "Mguu wa mama haurudi! Hao wana mawakili, sisi tuna migomba. Saini yaishe!" Tangu siku hiyo anakula, anatoka, na usiku anageukia ukutani. Ndugu zake wanasema najifanya mjuaji, nimeikataa bahati mlangoni.

Mimi siichukii teknolojia. Simu yenyewe ndiyo hii ninayowaandikia, na bado ningependa bibi zetu waulize habari za mvua kwa lugha yao. Ila mtu aje kwetu kwa heshima, achukue sauti tuliyomkabidhi kwa kumwamini, aiuze kwa mwongo, halafu aseme haimhusu? Huo si ujanja wa kisasa, ni wizi.

Nilimuuliza mama mdogo kama nisaini. Akasema, "Mimi niliamini kwa sababu ulikuwa wewe. Kuna wengine bado wanakunywa."

Nishaurini ndugu zangu, nifanye nini? Nianzie polisi, au kuna ofisi inayoshughulikia kampuni za namna hii? Nani anamjua mwanasheria wa kuwasaidia watu kama sisi? Na mume wangu, ambaye najua ni woga tu unaomsumbua, nimrudishe vipi upande wangu? Nasoma maoni yote. Ila wewe unayetaka kuniandikia nisaini, usijisumbue. Saini yangu hawaipati.