Ijumaa Kompyuta Ilipoikataa Printa

Wa kulaumiwa nitawataja wote, kila mmoja kwa sehemu yake, maana wenyewe hawajitaji.

Wa kwanza ni mwenzangu wa rika. Tulitahiriwa asubuhi moja, tukachimba dhahabu shimo moja, na shimo lilipoporomoka tulitoka hai wawili tu. Yeye alitoka kwa miguu yake. Mimi alinifukua kwa mikono na kipande cha bati. Kifua changu hakikutaka tena habari za shimo, nikafungua kibanda cha kuchapa na kutoa kopi hapa Nyangoto. Niliishia darasa la nne, nachapa kwa vidole viwili, lakini nachapa. Yeye alikwenda Tarime mjini akawa fundi wa kompyuta.

Jumatano moja alikuja na flashi. Akasema kuna mfumo mpya wa kompyuta ambao haujatoka bado, wenye kampuni wanatafuta watu wa kuujaribu, naye amejiandikisha. Alihitaji mashine ya kawaida, iliyochoka, ili awaandikie ripoti.

"Mura, nusu saa tu," alisema, kama tunavyoitana wanaume wa Kikurya. "Utakuwa nao kabla ya watu wa Dar."

Sikuwahi kushindana na watu wa Dar kwa jambo lolote. Lakini mtu aliyekufukua kwa mikono huwezi kumwambia arudishe flashi yake mfukoni. Akafuta mfumo wa zamani, akaweka mpya, akanywa chai yangu, akaondoka. Kwenye kioo ilibaki picha ya mlima wenye theluji.

Alhamisi nilichapa barua ya mama mkwe. Jirani yake alikuwa amesogeza mpaka wa shamba: aling'oa minyaa ya mpakani akaipanda upya, hatua kumi ndani ya shamba la mama. Baraza la kata lilikuwa lije kupima wiki iliyofuata, na barua za pingamizi zilikuwa na mwisho wake, Ijumaa saa sita mchana. Karani wa kata hapokei barua ya mkono. Anasema inamuumiza macho.

Kwetu mtu na mama mkwe wake hawakai chumba kimoja wala hawasemeshani ana kwa ana. Kwa hiyo yeye alikaa nje kwenye benchi, kaupa mlango mgongo, na mke wangu akasimama kizingitini. Mama akasema, mke wangu akarudia, mimi nikachapa. Ukurasa wa kwanza maneno. Wa pili mchoro wa shamba, nilioutengeneza kwa mistari, mti kwa mti, mpaka jioni. Wateja wengine siku hiyo walitaka kopi tu, na mashine ya kopi haiombi ruhusa kwa kompyuta. Sikushtuka.

Ijumaa saa mbili mama alishafika kwenye benchi. Nikabonyeza kuprinti. Kompyuta ikaandika kwamba hakuna printa.

Printa ilikuwa pale, imewaka taa ya kijani, imegusana na kompyuta. Nikachomoa waya, nikachomeka. Ikaandika: kifaa kisichojulikana. Miaka sita wamekaa meza moja.

Nikampigia fundi.

"Ni draiva," alisema. Draiva, kwa sisi tuliosoma kidogo, ni kiprogramu kinachoiambia kompyuta kwamba hii ni printa na hivi ndivyo inavyosemeshwa. "Ya printa yako hawajaitengeneza bado. Nitakutumia ya zamani kwa mtandao."

"Mtandao haiuoni."

"Basi uitoe kwenye simu, uiweke kwa flashi."

"Flashi haiioni."

"Andika hiyo, mura. Hiyo ni ripoti nzuri sana."

Akanielekeza nichague printa nyingine kwenye orodha, inayofanana na yangu. Ikatoka karatasi moja imejaa alama kama nyayo za kuku.

"Hiyo ni dalili nzuri," alisema.

Wa pili wa kulaumiwa ni mke wangu, na kwa kuandika hivi nitakula ugali mkavu. Saa tatu nilimwambia, "Mwambie mama imekataa. Aende duka la sokoni wamchapie upya, muda bado upo."

Akageukia nje. "Mama, anasema bado kidogo."

Nilisikia. Lakini kumpazia sauti mama mkwe hakupo, na kutoka nje nisingeweza, kibanda kina mlango mmoja na mlangoni kakaa yeye. Saa nne nikasema, "Mwambie imekufa."

"Mama, anasema inapata moto."

"Nitasubiri," mama alisema. "Yeye ni mtu wa kujitahidi."

Saa tano mke wangu mwenyewe alichoka kusema uongo. Akapiga picha kioo cha kompyuta kwa simu yake, akakimbia sokoni, wakaziprinti hizo picha. Ukurasa wa kwanza ulisomeka, ingawa kivuli cha kidole chake kilipita katikati. Wa pili ulitoka mweusi. Karani aligonga muhuri saa sita kasoro dakika chache, akasema kupokea si kusoma.

Baraza lilipokuja shambani, mwenyekiti aliinua ukurasa wa pili, akaugeuza juu chini.

"Hii ni nini, mama?"

"Ni shamba langu."

Wakapima kwa minyaa waliyoikuta. Hatua kumi zikaenda kwa jirani, pamoja na mihogo iliyokuwemo.

Mwenzangu alikuja kunirudishia mfumo wa zamani, akaniomba nijaze fomu ya matatizo. Nikajaza: printa haikuonekana, mama mkwe amepoteza hatua kumi. Jibu lilikuja kwa Kiingereza, akanisomea. Wameshukuru. Wanauliza ni printa ya aina gani.

Wa tatu ni mimi, nimejitaja.

Siku hizi mama akipita hukaa kwenye benchi, kaupa mlango mgongo kama kawaida. Mke wangu sasa hapunguzi neno wala haongezi.

"Muulize mumeo, mashine yake inaiona printa?"

"Mama anauliza inaiona."

"Mwambie inaiona."

"Anasema inaiona."

"Muulize kama na shamba langu inaliona."

Akaniuliza hivyo hivyo, neno kwa neno, ananitazama usoni. "Mwambie hailioni." Akageuka. "Mama, anasema hailioni."