Wifi Yangu na Ukurasa wa Mwisho

Wifi yangu, dada wa marehemu mume wangu, ni fundi wa kushona nguo, na kila aliyewahi kumpelekea kitambaa anajua sharti moja: usiende akiwa katikati ya kitabu. Meza ya cherehani yake ina nafasi ambapo fundi mwingine angeweka mkasi na chaki. Yeye huweka kitabu, amekibana kwa pasi iliyopoa ili kurasa zisijifunge. Ndivyo mwalimu wa kwaya alivyopata suruali isiyokuwa na pa kutokea mguu wa kushoto. Aliporudi kulalamika, wifi aliigeuza suruali, akaitazama kwa huzuni, akasema, "Hapa ndipo mama yao alipofariki," akaanza kuifumua.

Nayasema haya mwenyewe kabla hamjayasikia kwa wengine, maana wengine huongeza chumvi. Sisi ni watu wa shule. Mume wangu alikuwa mwalimu mkuu, mimi nilifundisha sekondari hadi nikastaafu, na watoto wetu wote wana shahada. Nilipoolewa, baba mkwe alinikalisha akaniambia kwamba katika nyumba ile hajawahi kutokea mtu aliyerudia darasa. Maneno hayo nimetembea nayo maisha yangu yote kama mkoba mzuri. Sikuwahi kuuacha nyumbani.

Wifi ndiye anayesoma kuliko sisi sote, ila ana tabia moja. Haanzi kitabu kabla hajaufungua ukurasa wa mwisho. Hukigeuza kama mtu anayekagua kitambaa upande wa ndani, husoma mistari ya mwisho, hutikisa kichwa kwa kuridhika, ndipo hurudi mwanzo. Hilo lingekuwa kati yake na Mungu wake kama angenyamaza. Hanyamazi.

Baada ya kufiwa niliona sebule yangu imekuwa kubwa mno, nikaanzisha kikao cha wasomaji. Tulikuwa wanne: mimi, wifi, mkunga mstaafu wa mtaa wa pili, na karani mstaafu wa mahakama, mzee mkimya anayekunywa chai kama anayesikiliza ushahidi. Utaratibu niliuweka mimi. Kila Jumamosi alasiri kila mtu anataja kitabu alichomaliza, anachokisoma, na atakachokisoma.

Jumamosi ninayotaka kuisimulia, mkunga alianza. Alisema amemaliza kitabu cha afya ya wazee, ambacho hakikumfurahisha, na sasa anasoma hadithi ya mauaji katika hoteli, tena amefika patamu.

"Hicho cha jalada jekundu?" wifi akauliza.

"Hicho hicho."

"Muuaji ni daktari."

Mkunga aliweka kikombe chini taratibu. "Fundi, mimi nimezalisha nusu ya mji huu. Sijawahi kumwambia mama ni mtoto gani kabla hajatoka."

"Lakini yule daktari tangu mwanzo hanawi mikono, hukuona?"

"Nitasoma kipi tena? Niambie. Nisome nini sasa, mezani kwangu kimebaki kitabu cha simu."

Nikaona niokoe kikao. Nikasema sasa ni zamu ya wifi, atuambie anasoma nini.

"Mimi narudia darasa la pili," akasema.

Nilikohoa. "Anarudia kitabu," nikawaeleza wageni. "Kitabu cha darasa la pili. Wifi, sema maneno yote."

"Si ndivyo nilivyosema?" Akatoa katika mfuko wake kitu kilichofungwa kwa kipande cha satini, akakifungua. Kilikuwa kitabu kidogo cha kusomea, pembe zake zimelika, gamba lake limeshonwa kwa uzi wa bluu. Nilikifahamu. Kilikuwa chao, yeye na kaka yake. Kinasimulia habari za mbuzi aliyekula kofia ya mjomba asubuhi ya harusi, akakimbizwa na maharusi, wapishi na wapiga ngoma, hadi akafika njia panda. Akatazama kulia. Akatazama kushoto. Basi, kinaishia hapo.

"Kinaishia hapo kwa sababu ukurasa wa mwisho haupo," wifi akasema. "Ulichanwa nikiwa mdogo. Tangu siku hiyo sianzi kitabu kabla sijahakikisha kwamba mwisho wake upo."

Mkunga alimtazama, na nadhani kidogo alianza kumsamehe. "Aliuchana nani?"

"Panya," nikasema.

Wifi akanigeukia. "Panya yupi, wifi? Si alikuwa kaka yangu?"

Naomba mnielewe. Kwenye ukuta wa shule aliyoiongoza mume wangu, kwa rangi nyeusi na herufi kubwa, aliandika mwenyewe: Achanaye kitabu huchana akili yake. Vizazi vya watoto vimepita chini ya maneno hayo. Na wajukuu wa mkunga wanasoma pale.

Nikauliza nani anaongezewa chai. Hapo karani akaweka miwani sawa.

"Kitabu hicho ninacho," akasema. "Kizima. Sikukirudisha shuleni. Naona nimekiri mbele ya mashahidi, basi."

Akaahidi kukileta Jumamosi inayofuata.

Wiki ile wifi hakushona kitu cha maana. Alikuja jikoni kwangu kila siku kwa visingizio: mara kaazima chujio, mara karudisha chujio. Mwishowe akakaa.

"Na kama alikufa?" akauliza.

"Nani?"

"Mbuzi."

Akaniambia jambo ambalo mume wangu hakuwahi kuniambia. Kila alipomuuliza kaka yake mbuzi alikwenda wapi, kaka alimpa jibu, na kila mara jibu jipya. Walipokuwa watoto, mbuzi alikwenda kulia, akafungua duka la kofia. Mchumba wa wifi alipomwacha na gauni la harusi likiwa limeshaanza kukatwa, mbuzi alikwenda kushoto, akamkuta mjomba, na mjomba akasema kofia ile hata hivyo ilikuwa ikimbana. Na kaka alipokuwa amelala hospitali, wifi alimuuliza tena, kwa mzaha tu. Akajibu kwamba mbuzi amechoka kusimama, ameketi kidogo.

"Sasa huo ndio mwisho nilionao," wifi akasema. "Siwezi kuishi na mbuzi aliyeketi. Nataka kujua alikwenda wapi hasa. Na nikijua, yale mengine yote ya kaka yatakuwa uongo."

Mimi nilitamani karani apate mafua ya wiki nzima. Hakupata.

Jumamosi alifika mapema, kitabu kimefungwa ndani ya gazeti. Mkunga naye alifika mapema, na mkunga hana desturi hiyo. Wifi alikipokea kwa mikono miwili. Kwa mara ya kwanza tangu nimjue hakukimbilia mwisho. Alisoma tangu kofia hadi njia panda, kwa sauti, nasi tukamsikiliza. Akatazama kulia. Akatazama kushoto. Akafungua ukurasa.

Akautazama ukurasa juu hadi chini mpaka mkunga akasema, "Soma basi, mwenzetu. Kafa?"

Wifi akasoma. "Maswali. La kwanza. Mbuzi alikula nini? La pili. Kofia ilikuwa ya nani? La tatu. Eleza maana ya njia panda." Akashusha kidole mstari wa chini. "La nne. Wewe unadhani mbuzi alikwenda wapi?"

Akaufunua ukurasa upande wa pili. Palikuwa na picha ya kofia, na chini yake jina la kiwanda cha uchapaji.

"Hakuna mwisho," mkunga akasema. "Miaka yote hii umetuharibia hadithi zetu kwa sababu ya zoezi la darasa la pili."

Lakini karani alikuwa anacheka, na sikuwahi kumwona akicheka. "Swali la nne," akasema. "Nalikumbuka swali la nne. Mimi na marehemu tulikaa dawati moja. Yeye aliandika kwamba mbuzi alikwenda mjini kumnunulia mjomba kofia nyingine. Mwalimu akampigia mkasi wa wino mwekundu, alama ya kosa, ukurasa mzima, akaandika pembeni: Mbuzi hana fedha. Mwenzangu alikasirika, akauchana palepale, akatengeneza boti, akaiachia mtaroni. Aliniambia jambo hilo halikumtoka rohoni. Mwaka uliofuata tulipokaa tena dawati lile lile—"

Akajiziba mdomo, lakini amechelewa.

"Mwaka uliofuata," mkunga akasema polepole, kama anayepapasa tumbo atambue kichwa kiko wapi. "Darasa lile lile?"

Karani alikitazama kikombe chake. Mimi nilikuwa nammiminia chai, nikaendelea kummiminia hata sahani ikajaa. Nilimwona baba mkwe kwenye picha ya ukutani, na nikaona kwa mara ya kwanza kwamba alipopigwa picha ile alikuwa anazuia kicheko.

Wifi alikifunga kitabu. Alikuwa na uso ambao huwa nao akimaliza kushona kola ngumu ikakaa.

"Kaka yangu hakurudia darasa," akamwambia mkunga. "Alirudia kitabu."

Mimi mwenye shahada ya lugha nikatikisa kichwa kukubali. Karani akainua kikombe chake, chai ikidondoka, akasema mahakama imeridhika.

Kisha wifi akanishika goti. "Wifi, yale hayakuwa uongo. Alikuwa anafanya zoezi."

Hapo nikakumbuka rundo la madaftari ambayo mume wangu alikuwa akiyasahihisha mezani petu. Kila swali lililoanza na "unadhani" aliliwekea tiki, hata mtoto akiandika kwamba mvua hutoka kwenye mfuko wa bibi yake. Mimi nilimgombeza. Yeye alisema mtoto kaulizwa anavyodhani, naye kadhani.

Siku ile wifi aliazima kitabu kipya ambacho mkunga alikuwa amekwisha kukisoma, kinene, cha mauaji ndani ya treni. Akakitia mfukoni bila kuufungua ukurasa wa mwisho. Sote tuliona.

Mkunga hakusahau ya daktari. Siku chache baadaye alikwenda kujaribu gauni lake, nami nilikuwepo nikisubiri kola zangu. Wifi alikuwa amepiga magoti, mdomo umejaa pini, kitabu kimebanwa chini ya pasi, nusu bado. Mkunga akaona Mungu amempa.

"Fundi, huyo muuaji wa treni," akaanza kwa sauti tamu.

"Shoga," nikamwambia, "ningekuwa mimi, nisingeimaliza sentensi hiyo nikiwa nimezungukwa na pini kiunoni."

Mkunga akatazama chini. Wifi alikuwa amemtulizia macho, pini moja iko mkononi.

"Anavaa vizuri sana," mkunga akasema. "Nilitaka kusema tu kwamba anavaa vizuri."