Jumapili Babu Leoncio Alipopuliziwa

Kila asubuhi, kabla hajamwamkia mtu yeyote, Babu Leoncio alikwenda kwenye bomba la uchochoro wetu na taulo begani, akajimwagia maji usoni mara tatu, kisha akaliambia bomba ubeti mmoja. Mmoja tu, kwa sauti ya chini, kama mtu anayemweleza daktari ugonjwa wa aibu. Wa jana hakuurudia leo. Uchochoro wetu una vyumba arobaini na bomba ni hilo hilo moja, kwa hiyo nyuma yake wanawake walikuwa wameshajipanga na ndoo.

"Mzee, hilo ni bomba, si padri," jirani yetu mmoja alimwambia. "Ungama haraka, wenzio tuna nepi za kufua."

"Bomba linanisikiliza kuliko mumeo anavyokusikiliza wewe," Babu alijibu, akajifuta masikio bila haraka.

Babu Leoncio ni ndugu wa babu yangu mzaa mama, na ndiye aliyenilea. Alikuwa fundi wa magodoro ya sufu. Watu walituletea godoro lililogandamana kama tofali, tukalipandisha juu ya paa, tukalipasua, naye akaichapa sufu kwa fimbo mbili mpaka ikasimama kama mawingu. Mimi niliacha shule darasa la tatu ili nimshikie gunia. Sikulalamika. Darasani nilikuwa mtu wa kukaa nyuma na kutazama, na juu ya paa nilikaa vile vile, ila huko nilikuwa nasikia beti. Alikuwa nazo zaidi ya mia nne kichwani, nyingi kutoka kwa mama yake aliyekuwa dobi. Hakuandika hata moja. Kusoma hakujua, na hata angejua, kwa watu wa ng'ambo hii ya daraja, mwimbaji anayekuja na karatasi ni sawa na bwana harusi anayekuja na mama yake chumbani.

Beti hizo zilikuwa za Jumapili, kwa Bi Peregrina.

Ukumbi wa Bi Peregrina ni sebule yake tu. Anaondoa kitanda, anaweka mabenchi mawili ya kanisa ambayo hakuna anayeuliza yalitoka wapi, na watu thelathini wanaingia wakijibana. Nyumba inanuka matumbo na viazi vilivyotiwa nanaa, na sakafu imepigwa mafuta ya taa. Tunaingia baada ya chakula cha mchana, na nje manyunyu ya Lima yanaendelea na kazi yake ya kutolowesha na kutokauka. Gitaa mbili zinakaa karibu na dirisha. Mpigaji wa kasha anaketi juu ya kasha lake la mbao na kulipiga kwa viganja katikati ya miguu yake. Mbele yao kuna viti viwili vinavyotazamana, na hivyo ndivyo vinavyotuleta sisi wote.

Mimi nilikuwa naketi chini, mgongo ukutani, mahali ambapo kasha linakuingia kwenye uti wa mgongo kabla halijafika masikioni. Sijawahi kupata raha nyingine inayofanana na ile. Mwimbaji akifungua kinywa, watu wote wanatulia, hata watoto. Bi Peregrina, mwanamke mnene mwenye sauti ya bati, alikuwa amesema mara moja na ikatosha: "Anayetaka kuongea, kuku wako uani, watamsikiliza."

Kinachofanyika pale ni majibizano. Wa kwanza anaanzisha ubeti na wimbo wake, na mahali fulani anachomeka maneno ya kunogesha, labda "ay, moyo wangu." Wa pili lazima ajibu kwa wimbo ule ule, achomeke maneno yale yale pale pale, lakini kwa ubeti mwingine, ambao haujaimbwa siku hiyo. Atakayekwama anasimama, anammiminia mwenzake glasi ya pisco, ile pombe kali ya zabibu, na anakuja kuketi na sisi wasikilizaji mpaka Jumapili ijayo. Hapo hakuna aibu. Mzee Saturnino wa mtaa wa La Victoria, dereva wa basi mstaafu aliyebishana na Babu miaka thelathini, nimemwona akikwama mara tatu ndani ya mwezi mmoja, akacheka mpaka akakohoa.

Aibu ni kupuliziwa. Mtu akikutilia neno sikioni nawe ukaliimba, kiti umekipoteza, si kwa Jumapili moja, kwa maisha. Shemeji yake Bi Peregrina alipuliziwa na mkewe mwaka niliozaliwa. Mpaka leo anakuja, anakula matumbo, anasikiliza, lakini kiti hakikalii. Niliijua sheria hiyo kama ninavyolijua jina langu, Otilia. Naiandika hapa ili mtu asidhani nilikosea kwa kutojua.

Nilianza kuona mambo mwezi wa tano. Asubuhi moja Babu aliliambia bomba ubeti wa jana yake. Nikadhani amefanya kusudi. Kesho yake akaurudia tena. Wale wanawake wa ndoo hawakugundua, wao walikuwa wanagundua maji tu. Nami sikusema. Ndivyo nilivyo, naona halafu nanyamaza, na mara nyingi hiyo imenisaidia.

Juu ya paa, siku moja, alisimamisha fimbo.

"We Oti, ule wa njiwa unaanzaje?"

Nikamwambia.

"Vizuri. Nakupima tu."

"Najua, Babu."

"Ule wa mjane na mshumaa je?"

Nikamwambia na huo. Wiki ile alinipima mara mbili, wiki iliyofuata mara tano. Kila alipokuwa ananipima alitazama sufu, hakunitazama mimi. Ikawa kazi yetu: yeye anachapa, anasahau, ananipima, mimi nashika gunia, namrudishia. Hakuna kati yetu aliyelitaja neno kusahau. Jumapili nyumba ya Bi Peregrina ilikuwa inamrudishia nguvu kwa namna ambayo siwezi kuieleza. Kasha likianza, beti zilikuwa zinamjia zenyewe, na nilikuwa napumua.

Kisha ikafika Jumapili ya siku ya jina la Bi Peregrina, sikukuu ya mtakatifu aliyepewa jina lake. Sebule ilijaa mpaka mlangoni. Palikuwa na mishikaki ya moyo wa ng'ombe, na Mzee Saturnino alikuja na tai.

"Umevaa hivyo kwa maziko ya nani?" Babu alimuuliza.

"Yako, ndugu yangu. Nimesikia unazeeka."

"Na bado mkeo ananisalimia kwa jina."

"Anakuhurumia. Hata mbwa wetu anamsalimia kwa jina."

Watu wakacheka, Bi Peregrina akapiga makofi mara moja, na gitaa zikaanza. Saturnino akafungua, na maneno yake ya kuchomeka, "ay, moyo wangu," akayaweka baada ya mstari wa pili:

Nimekuja toka mbali,
viatu vimetoboka,
nipe kiti, nipe kali,
nisije nikaanguka.

Babu hakungoja hata pumzi moja:

Kiti kina mwenye nacho,
hakiazimwi kwa mtu;
nakutazama kwa jicho
la mwenye vyake viatu.

Sebule ilikaribia kuvunja sheria ya kunyamaza. Mtu mmoja alijipiga paja. Mpiga kasha aliinama karibu kulilalia kasha lake, na mimi ukutani nilikuwa nacheka bila sauti, machozi yananitoka kwa raha. Nakumbuka niliwaza: hana shida, Babu hana shida kabisa, ni mimi ninayejitia wasiwasi.

Wakaenda hivyo, mmoja baada ya mwingine, nadhani mara nne. Halafu Saturnino akaacha mzaha. Alikuwa na tabia hiyo. Akishawachekesha watu anawageuza. Akaimba ubeti wa mama yake aliyekuwa akiuza maua nje ya makaburi, na pale penye "ay, moyo wangu" sauti ilimkatika kidogo, kweli, si kwa usanii.

Jibu lake lilikuwa moja tu, na sote tulilijua. Babu alikuwa nao ubeti wa mama yake, ule ambao hakuwahi kuuimba kwa mzaha hata siku moja. Watu walikuwa wanaungoja. Gitaa zikazunguka mara moja, zikarudi mahali pa kuingilia. Babu akafungua kinywa, na hakikutoka kitu.

Wapiga gitaa ni waungwana, wakazunguka tena. Hiyo inaruhusiwa. Mara tatu zinaruhusiwa.

Mkono wake wa kulia ukaanza kuchapa goti polepole, kama yuko juu ya paa. Mara ya pili ikapita. Akageuka akanitazama.

Hapo ndipo ninaporudi kila siku. Nyumbani, alipokuwa anataka ubeti, alitazama sufu. Mimi hakunitazama kamwe. Siku ile alinitazama usoni moja kwa moja, nyusi zimesimama. Alikuwa ananikataza. Aliyajua yaliyokuwa mdomoni mwangu na alikuwa ananiambia, acha, niache nikwame, nitasimama, nitammiminia Saturnino glasi, tutaenda nyumbani, Jumapili ijayo tutarudi. Lakini mimi, ninayejidai naona kila kitu, niliona mzee anayezama. Nikanong'ona:

"Mama kafua..."

Maneno mawili. Katika sebule inayoongea, yasingemfikia hata aliyekaa karibu nami. Katika sebule ile yalisikika kama sahani iliyoanguka. Na kinywa cha Babu kiliyapokea kabla kichwa hakijakizuia. Miezi mitatu tulikuwa tumekifundisha kupokea.

Mama kafua mtoni
mashati ya matajiri,
akaenda kaburini
na gauni la fakiri.

Hakuwahi kuuimba vizuri kiasi kile. "Ay, moyo wangu" aliyaweka mahali pake hasa, sauti ikapanda mpaka darini na kushuka taratibu. Halafu gitaa zikanyamaza, moja kwanza, ya pili baadaye kidogo. Kasha lilikuwa limeshanyamaza.

Mzee Saturnino alipaswa kujibu. Aliweka mikono juu ya magoti, akatazama tai yake.

"Pigeni," akasema. "Mnangoja nini? Nina jibu."

"Saturnino," Babu akamwita.

"Pigeni, jamani!"

"Umesikia."

"Nisikie nini? Sikio hili la kulia limekufa tangu naendesha basi, dunia nzima inajua. Sikusikia kitu."

"La kulia limekufa, ndiyo. Mtoto kaketi kushoto kwako."

Bi Peregrina akatoka jikoni akijifuta mikono kwenye aproni. "Leoncio, kaa chini. Leo siku yangu, nasamehe ninachotaka kwenye nyumba yangu."

"Shemeji yako hukumsamehe."

"Yule alikuwa mjinga."

"Amekuwa hapa miaka kumi na tano anakula matumbo na kunitazama nikiimba," Babu akasema. Hakuwa na hasira. Alisema kama anavyomwambia mteja kwamba godoro lake halifai tena. "Nimepuliziwa, Peregrina. Wote mmesikia, na kama mtanifichia, basi yote niliyoimba hapa mtaanza kujiuliza nani alinipulizia."

Yule shemeji, benchi la nyuma, alikuwa ameinamisha kichwa.

Babu akasimama. Akachukua chupa, akammiminia Saturnino glasi, akaijaza mpaka juu, na haikumwagika. Saturnino aliishika lakini hakuinywa. Wapiga gitaa Babu aliwapa mkono mmoja mmoja, na mpiga kasha akamgusa bega. Nilikuwa nimeshasimama, nimeshika kofia yake.

"Twende, Babu," nikasema. "Nisamehe. Twende."

Akaichukua kofia. Alinitazama muda, na safari hii nyusi zilikuwa zimelala.

"Wewe kaa," akasema. "Wewe unazo zote. Sikiliza mpaka mwisho."

"Sitaki."

"Sikukuuliza unataka."

Nikakaa. Watu wa mlangoni walimpisha, na kwa kuwa walikuwa wengi ilichukua muda, kila mtu akijibana na kusema "pita, mzee," "pole, mzee," mpaka akafika barazani. Bi Peregrina aliwaambia wapiga gitaa waanze chochote, na wakaanza wimbo wa taratibu wa kucheza wawili wawili, ingawa hakuna aliyecheza. Kupitia dirishani nilimwona Babu akivaa kofia kwenye manyunyu, akavuka barabara bila kutazama basi lililokuwa linakuja, akashika njia ya kuelekea darajani. Saturnino aliiweka ile glasi ikiwa imejaa kwenye kiti kitupu, ingoje. Jumapili iliyofuata Babu hakuja, wala iliyofuata hiyo, wala ile ya Krismasi walipomtuma mpiga kasha amfuate. Hakuingia tena kwa Bi Peregrina.